Koplo Daftari na Mtu Aliyeruka Ukuta

Kituoni walimwita Daftari, na jina hilo hakupewa bure. Koplo huyu, mama wa watoto watatu mwenye miaka ishirini na miwili kazini, alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu. Mtu akifika kaunta kulalamika kwamba mbuzi wa jirani kala mchicha wake, askari wengine wangeandika mistari miwili yakaisha. Daftari angeuliza mbuzi alikuwa wa rangi gani, matuta yalikuwa mangapi, na huyo jirani alijibu nini alipoambiwa. Mbali na kitabu cha kituo alikuwa na vidaftari vyake vya mfukoni, vyenye jalada gumu jeusi, alivyojinunulia mwenyewe. Mumewe, mwalimu wa udereva, alipenda kuwaambia wageni kwamba siku atakayokufa yeye, mke wake ataandika kwanza saa na dakika, ndipo alie.

Hati ya kumwita mahakamani ilimfikia siku ya Jumatatu. Kesi ya wizi wa pampu ya maji, miaka mitano iliyopita. Shahidi wa tatu wa upande wa mashtaka ni yeye. Hakushtuka. Alikwisha kusimama mbele ya mahakimu mara nyingi, hata akaacha kuzihesabu. Alijua kwamba utapiga pasi sare yako alfajiri uitwe saa tatu, halafu ukae kwenye benchi mpaka saa nane uambiwe hakimu yuko semina. Alijua kwamba wakili akikuchekea kwanza, ujiandae kung'atwa. Askari wapya walipomjia wakitetemeka na hati zao za kwanza, aliwaambia maneno yaleyale: "Sema ulichokiona. Ulichosikia mwachie aliyekisema."

Siku yenyewe ilipofika, mwendesha mashtaka alimpokea kwenye chumba chake kidogo, chenye majalada mpaka sakafuni na feni iliyofungwa kwa kamba isianguke. Alikuwa kijana, na macho yake yalionyesha kwamba alikuwa na kesi nyingine sita siku hiyo.

"Mama, soma maelezo yako ujikumbushe. Dakika kumi tunaingia."

Daftari akavaa miwani. Mwandiko ulikuwa wake. Ile herufi ya J yenye mkia mrefu, hakuna mwingine kituoni aliyeiandika hivyo. Sahihi yake ilikuwa chini. Maelezo yalisema kwamba saa nne asubuhi, akiwa doria, alimkuta mshtakiwa nyuma ya kiwanda cha matofali akiwa amebeba pampu ndani ya gunia. Mshtakiwa alipoona askari aliitupa pampu, akakimbia, akaruka ukuta. Askari akamkimbiza na kumkamata upande wa pili.

Akasoma mara ya pili. Akasubiri picha ije, kama ambavyo huja. Kesi yoyote akipewa mwanzo wake, hukumbuka walau harufu ya mahali au kiatu cha mtu. Safari hii hakuja mtu wala kiatu.

"Vipi?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Sikumbuki hili tukio."

"Mwandiko si wako?"

"Ni wangu."

"Sahihi?"

"Yangu pia."

"Basi, mama. Miaka mitano ni mingi. Hata mimi jana sikumbuki nimekula nini."

Daftari akaona kuna mantiki. Amekamata watu wangapi tangu hapo? Kichwa si kabati. Na karatasi ndiyo kazi yake. Kama karatasi imeandikwa na Daftari, nani wa kuikatalia? Akapiga moyo konde, akaingia.

Chumba cha mahakama kilikuwa na madirisha ya juu na viti vya mbao vinavyolia ukihema. Akaapa. Mwendesha mashtaka akamwongoza hatua kwa hatua na yeye akafuata. Doria, kiwanda, gunia, ukuta. Akaulizwa kama anamtambua aliyemkamata.

Akageuka kutazama kizimbani. Alikuwepo mwanamume wa makamo, mnene kiasi, ndevu zimechanganyika mvi, mikono ameiweka juu ya mbao. Fundi bomba, ndivyo jalada lilivyosema. Daftari hakuwahi kumwona, au hivyo ndivyo moyo ulivyomwambia. Lakini kizimbani alikuwemo mtu mmoja tu.

"Ndiyo. Ni yule pale."

Wakili wa utetezi akainuka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kubembeleza mtoto.

"Koplo, habari za asubuhi."

"Nzuri, wakili."

"Huo ukuta aliouruka mteja wangu una kimo gani?"

"Kama kimo cha mtu. Karibu."

"Aliushika kwa mkono mmoja au miwili?"

"Miwili."

"Wewe ulikuwa umbali gani?"

"Hatua kama kumi hivi."

Majibu yalikuwa yakitoka yenyewe. Na jambo la ajabu, kila alipojibu, picha ilikuja nyuma ya jibu. Sasa aliuona ukuta. Aliziona nyayo za viatu vya yule mtu zikiparaza matofali, zikipotea juu. Akajiambia, kumbe nakumbuka.

"Mheshimiwa," wakili akamgeukia hakimu, "naomba mteja wangu atoke kizimbani, atembee hadi mlangoni na kurudi."

Hakimu akaruhusu. Fundi bomba akashuka taratibu, akishikilia mbao. Kisha akatembea, na chumba kizima kikaona. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko mwenzake na ulipinda kuanzia kwenye goti. Kila hatua ilimlazimu azungushe nyonga na kuutupa mbele kama mtu anayesukuma mlango kwa paja. Alifika mlangoni, akageuka, akarudi.

"Alizaliwa hivyo," alisema wakili, bado kwa sauti ileile. "Cheti cha hospitali ninacho. Koplo, uliona mtu huyu akiruka ukuta wa kimo cha mtu?"

Daftari akageuka. Alimtazama mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka alikuwa anatazama kalamu yake.

"Koplo?" akasema hakimu.

"Mheshimiwa, sijui."

"Hujui kama uliona?"

"Sijui, Mheshimiwa."

Hakimu akatazama saa ya ukutani. Akasema wataendelea kesho saa tatu, na kwamba shahidi bado yuko chini ya kiapo, asizungumze ushahidi wake na mtu yeyote. Kwenye korido mwendesha mashtaka alimjia mbio, akafungua mdomo, akakumbuka amri ya hakimu, akaufunga. Akasimama hivyo kitambo kidogo kama samaki aliyetolewa majini, kisha akaenda zake.

Jioni, nyumbani, mumewe alikuwa ameshapika. Mama mkwe, ambaye alihamia kwao tangu macho yalipoanza kumsumbua, alikuwa kitandani kwake akisikiliza redio.

"Mahakamani vipi?" akauliza mumewe.

"Siruhusiwi kusema."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Siri gani hiyo asiyoambiwa mume?"

Mama mkwe akapunguza redio. "Kwani mkwe wangu umeshtakiwa?"

"Hapana, mama. Mimi ni shahidi."

"Mbona sauti yako sauti ya mshtakiwa?"

Daftari alinawa mikono. Alikula matonge mawili, akaacha sahani. Tangu atoke mahakamani alikuwa akizunguka na swali moja: kama hakuona, aliandikaje? Na kama aliona, mguu ule aliuonaje ukiruka? Ndipo akakumbuka vidaftari vyake. Vilikuwa kwenye sanduku la bati, na sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha mama mkwe.

"Mama, naomba uhamie kwenye kiti kidogo."

"Unanihamisha kwa amri ya mahakama?"

"Kwa hisani yako tu, mama."

Kabla hajalifungua sanduku, alisita. Hakimu amesema asizungumze na mtu. Je, kusoma daftari lako ni kuzungumza na mtu? Na kama wewe wa miaka mitano nyuma ni mtu mwingine? Akaona akiendelea hivyo atapagawa. Akalifungua.

Alikipata kidaftari cha mwaka huo, akapekua mpaka tarehe. Mistari ilikuwa minne:

"Saa 2 naingia kaunta. Saa 5 na dakika 10 Sajini Nyundo kaleta mtu mmoja, pampu moja. Mkono wa Sajini bado una plasta, hawezi kuandika. Kanisimulia nimemwandikia maelezo. Amesema niweke sahihi yangu kwa sasa, atayaandika upya yake mkono ukipona."

Akakaa sakafuni. Hakuwa doria siku hiyo. Alikuwa kaunta. Hakumkimbiza mtu, hakukaribia kiwanda cha matofali. Sajini Nyundo ndiye aliyekamata, ndiye aliyesema ukuta, na ndiye ambaye hakurudi kuandika upya. Mkono ulipona, kazi zikaja nyingine, jalada likaenda na sahihi ya Daftari chini yake. Na Sajini mwenyewe alikwisha kufariki, mwaka wa pili huu.

Kwanza alipata nafuu: hakuwa amerukwa na akili. Nafuu hiyo haikukaa. Leo ameapa, na baada ya kuapa amesema "mikono miwili". Hiyo mikono miwili haikuwa ya Sajini wala ya karatasi. Ilikuwa yake. Na zile nyayo zikiparaza matofali, mbona bado alikuwa akiziona? Hata akiwa na kidaftari mkononi, akifumba macho, nyayo zilikuwepo, na ukuta ulikuwepo, na yeye hatua kumi nyuma.

"Umepata ulichotafuta?" akauliza mama mkwe kutoka kwenye kiti.

"Nimepata, mama."

"Sasa mbona unalia?"

"Sijui kama nalia."

Kesho yake, saa tatu kamili, alipanda kwenye nafasi ya shahidi, na kabla wakili hajasimama akaomba kusema. Hakimu akamruhusu.

"Mheshimiwa, mimi sikumkamata mshtakiwa. Siku hiyo nilikuwa kaunta. Aliyemkamata ni sajini wangu, marehemu sasa. Mkono wake ulikuwa umevunjika, akanisimulia, nikamwandikia, nikaweka sahihi. Nimeliona jana jioni kwenye kidaftari changu, na kidaftari ninacho hapa."

Mwendesha mashtaka akaruka juu. "Mheshimiwa, napinga!"

"Unapinga nini?" akauliza hakimu. "Huyu ni shahidi wako."

Kijana akabaki amesimama. Watu wakamsubiri. "Nimeondoa pingamizi, Mheshimiwa," akasema mwishowe, akakaa.

Hakimu akakichukua kidaftari, akasoma ule ukurasa, akampa wakili naye asome, kikarudi. Kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo, koplo, jana ulidanganya mahakama?"

"Jana nilisoma maelezo yenye mwandiko wangu, nikaamini nilichosoma. Halafu nikaongeza."

"Uliongeza nini?"

"Kimo cha ukuta. Na mikono. Na hatua kumi."

"Kwa nini uliongeza?"

Daftari alifikiri. Alitaka kweli kumjibu, si kwa kujitetea. "Niliulizwa, Mheshimiwa. Nikaona kama ninaona."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Wakili wa utetezi alikuwa na kurasa mbili za maswali mbele yake, yamepigiwa mistari kwa wino mwekundu. Alizitazama, akazikunja.

"Sina swali, Mheshimiwa. Nilikuwa nayo mengi."

Wiki tatu baadaye hakimu alitoa uamuzi: mshtakiwa hana kesi ya kujibu, aachiwe huru. Kama fundi bomba aliiba pampu, au alipewa na msimamizi wa kiwanda aitengeneze, kama alivyodai tangu mwanzo, mahakama haikusema. Msimamizi huyo aliacha kazi zamani na hakupatikana. Daftari alikwenda kusikiliza ingawa hakuitwa. Alikaa kiti cha nyuma. Watu walipotoka, fundi bomba alimfuata koridoni, akitupa mguu wake.

"Afande."

"Naam, fundi."

"Miaka mitano nimekuja hapa kila tarehe. Nimepoteza wateja mpaka wa nyumba ya jirani. Sijui nikushukuru au nikulaumu."

"Hata mimi sijui ningekushauri lipi."

Akatabasamu kidogo. "Yule sajini amekufa kweli?"

"Amekufa. Mwaka wa pili."

"Pole zenu." Akakuna ndevu. "Nilikuwa nimejiandaa siku nikimwona nimwambie maneno. Nimeyapanga miaka. Sasa sijui niyapeleke wapi." Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka ghafla: "Lakini wewe ulinitendea wema. Siku ile, pale kaunta. Ulinipa maji kwenye kikombe cha plastiki. Ukaniuliza, 'Fundi, huo mguu unauma?' Nikakwambia hauumi, nimezaliwa nao. Ukaniletea kiti."

Daftari akapigwa na butwaa. "Mimi?"

"Wewe. Sura yako sijaisahau."

"Kabla ya kuandika maelezo au baada?"

"Hilo sasa, afande, siwezi kujua. Mimi nilikuwa nimekaa tu."

Wakaagana kwa kupeana mikono. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la bati. Alisoma tena ile mistari minne, akageuza ukurasa, akarudi. Maji hayakuwepo. Kiti hakikuwepo. Mguu haukuwepo. Yeye, anayeandika rangi ya mbuzi, hakuandika kwamba mtu aliyeletwa alikuwa na mguu mmoja mfupi. Au fundi alimchanganya na askari mwingine? Wakati ule kituo kilikuwa na wanawake wanne. Lakini kama ni yeye kweli, basi alimwuliza mtu kuhusu mguu wake, akamletea kiti, na kwenye maelezo yaleyale akamrusha ukuta, na asione ajabu yoyote. Alikaa na jambo hilo mpaka mumewe akaja kumwita mara mbili kwa chakula.

Kituoni mambo hayakukawia. Aliitwa mbele ya jopo la maofisa watatu. Walimwuliza kwa nini aliweka sahihi kwenye maelezo yasiyo yake, akasema alitii mkubwa wake. Walimwuliza kwa nini hakukagua kabla ya kuapa, akasema aliamini mwandiko wake. Mmoja wao akamwuliza, kwa upole kidogo, "Sasa koplo, ungefanya nini tofauti?" na Daftari akasema ningekataa kuandika, kisha akasema hapana, pengine ningeandika, lakini ningeandika kwamba ni maneno ya sajini. Akapewa onyo la maandishi, na kupandishwa cheo kukaahirishwa miaka miwili. Kuhusu kesi ya kusema uongo mahakamani, walimwambia hakimu hakuiomba, kwa hiyo ashukuru. Wenzake wakagawanyika. Baadhi walimpita bila salamu, wakisema kamtia aibu marehemu. Mwingine alimnong'oneza, "Umefanya vizuri, lakini usiseme nimekwambia." Konstebo mmoja mpya alimletea maelezo ya kesi yake amsomee, akauliza kama ni ya kweli. Daftari akamrudishia. "Nitajuaje mimi? Ulikuwepo wewe."

Jumamosi moja, karibu saa kumi jioni, mjane wa Sajini Nyundo alibisha hodi. Alikuwa mama mrefu, mwenye kilemba kilichofungwa kwa uangalifu, na hakuwahi kufika pale hata siku moja. Daftari alimkaribisha, akamwekea chai. Mjane hakuigusa.

"Nimesikia mahakamani wamesema mume wangu aliandikisha uongo."

"Hawakusema hivyo, dada. Nilisema mimi tu nilichofanya."

"Lakini ukuta aliusema nani?"

"Aliusema yeye."

"Na mtu ni kilema?"

"Ndiyo. Nimemwona akitembea."

"Basi alidanganya." Aliutazama mlango. "Nimeishi naye miaka thelathini na moja. Alikuwa mkali, alikuwa mgumu wa kuomba radhi. Lakini uongo? Hata bei ya sukari alikuwa akiitaja mpaka senti. Nieleze, mdogo wangu. Alidanganya?"

Daftari alikuwa amelifikiria hilo usiku na mchana, kwa hiyo majibu alikuwa nayo, ila yalikuwa mengi mno. "Inawezekana alidanganya ili kesi ishike. Inawezekana kulikuwa na watu wawili, mmoja akaruka ukuta, na yeye akamkamata aliyebaki. Au yeye alisema kitu kingine, na mimi ndiye niliyesikia vibaya, nikaandika ukuta. Nimeshawahi kuona ukuta huo kichwani mwangu, dada, na sikuwepo. Kwa hiyo siwezi kujiapia."

"Katika hayo matatu unaamini lipi?"

"Inategemea siku."

Mjane akacheka, cheko fupi lisilo na furaha, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Kutoka chumbani mama mkwe akauliza ni nani huyo amekuja, na Daftari akamjibu ni mgeni, mama, ni mke wa mkubwa wangu wa kazi. "Mwambie akae," akasema mama mkwe. Mjane akavuta kikombe karibu. Chai ilikuwa imeshapoa, na juu imefanya utando. Akaiondoa kwa kijiko, akanywa.

"Leo unaamini lipi?" akauliza.

"Leo la watu wawili."

"Basi na mimi leo nitaliamini hilo," alisema mjane, akaomba aongezewe sukari.